Kuku Bado Ziko Inje

Huko Muheto asubuhi huanza na ukungu. Ng'ombe humwoni, unamsikia tu akilia. Katika ukungu huo Bayingana, mfugaji, alikuwa akishuka kilima kila siku na bidoni, dumu dogo la maziwa. Aliwapelekea jirani zake, Sebarenzi na mkewe Verdiane, ambao ni wakulima. Mtoto wao Isimbi alikuwa ametoka kuugua, na maziwa hayo ndiyo yaliyomrudishia mashavu. Baada ya mavuno, Bayingana naye alichukua mashina na maganda ya maharagwe akalishe ng'ombe wake. Hakuna aliyemdai mwenzake.

Siku moja ng'ombe wa Bayingana aliingia katika shamba la Sebarenzi. Alikula maharagwe yaliyokaribia kukomaa, mengine akayakanyaga. Sebarenzi alipoona, damu ilimchemka. Akapanda kilima akipiga kelele.

"Ngombe yako imeharibu maharagi yangu! Unachunga namna gani, weye?"

"Na weye, shamba gani haina wigo?" Bayingana akajibu. "Usirudie hapa kwangu!"

"Na maziwa yako isifike kwangu!"

Tazama ulimi ulivyo na haraka! Aliyekatiwa maziwa ni Isimbi, ambaye hakuwa na shamba wala ng'ombe.

Mchana Verdiane alimbembeleza mumewe mpaka wakaenda kwa Mama Joséphine-Marie. Huyu ni jirani yao, naye ndiye anayeongoza kikundi cha kusoma Biblia. Kikundi chake kina desturi moja: huondoki na neno bila kusema utalifanyia kazi vipi. Jumapili iliyopita walikuwa wamesoma Paulo akiwaonya Waefeso kwamba jua lisizame wakiwa bado na hasira. Sebarenzi ndiye aliyesoma, kwa sauti nzuri, na watu wakamsifu. Bayingana alikuwa ameketi kando yake, akiitikia amina.

"Papa Isimbi," Mama Joséphine-Marie akauliza, "ile neno ulisoma siku ya Mungu, utaitumikisha lini?"

Sebarenzi akatazama nje. Ukungu haukuwa umeondoka tangu asubuhi. Akatabasamu kama mtu aliyepata pa kutokea.

"Mama, leo jua haikutoka. Kitu yenye haikutoka, itazama namna gani?"

Verdiane alitaka kujizuia asicheke, akashindwa. Mama Joséphine-Marie alicheka pia, lakini hakumwachilia.

"Kuku zako pia hazikuona jua leo. Mangaribi zitaingia ndani ao zitalala inje?"

"Zitaingia."

"Basi kuku njo saa yako. Kuku zikiingia, jua imezama. Mbele hazijaingia, uende kwa ndugu yako."

"Nitamuambia nini? Yeye njo iko na makosa!"

"Usiende kuhukumu. Umuite, mutembee wote wawili mu shamba, kungali mwangaza. Muangalie ngombe ilipita wapi. Kila muntu aseme makosa yenye ilitoka kwake, kisha mutengeneze pamoja. Ukingoja kesho, mvua itafuta nyayo, na kasirani itakuwa imekomaa."

Sebarenzi alirudi nyumbani, akakaa karibu na mlango akiwatazama kuku wake. Moyo wake ulikuwa mzito. Alimkumbuka Isimbi, ambaye asubuhi angeitafuta bidoni yake. Kuku nao, kama waliotumwa, walianza kusogea kuelekea nyumba. Jogoo alipoinua mguu kizingitini, Sebarenzi aliruka.

"Mama Isimbi, uzuie hizo kuku!"

Akapanda kilima mbio. Nyuma yake Verdiane alishika ufagio, akasimama mlangoni.

Bayingana alimpokea amekunja uso. "Unarudi kugombana?"

"Hapana," Sebarenzi akasema akihema. "Ninakuja juu ya ile neno tulisoma. Twende tuangalie shamba, sisi wawili."

Bayingana alisita, kisha akachukua fimbo yake. Wakafuata nyayo za ng'ombe kwenye matope. Ziliwapeleka moja kwa moja kwenye pengo katika wigo. Miti ilikuwa imeng'olewa. Miti hiyo aliing'oa Sebarenzi mwenyewe, akaisimika katikati ya shamba ili maharagwe yake yapate pa kupanda.

"Miye njo nilitosha hii miti," akasema kwa shida. "Unisamehe, ndugu yangu."

Bayingana akashusha pumzi. "Na miye niliacha ngombe bila muchungaji, nikaenda Sake ku soko. Unisamehe pia."

Wakashikana mikono. Kisha wakakata miti mingine, wakaziba pengo papo hapo, wakitaniana kama zamani. Sebarenzi aliporudi nyumbani, alimkuta Verdiane bado anapigana na kuku.

"Niziache sasa?"

"Uziache! Tumepatana!"

Kuku wakaingia mbio. Verdiane akatupa ufagio, akapiga vigelegele vilivyosikika hadi juu kwa Bayingana.

Kesho yake bidoni ilishuka tena katika ukungu. Maharagwe yaliyobaki yakakomaa, na familia zote mbili zikayavuna pamoja. Isimbi akanawiri. Ushuhuda huo wa wigo na kuku ulipotolewa kikundini, watu waliimba mpaka koo zikakauka.

Msimu uliofuata, mbuzi wa Sebarenzi alikula kabichi za Bayingana. Maneno makali yakatoka tena, maana watu ni watu. Jioni Sebarenzi alikuwa ndani, akitafuta ujasiri wa kupanda kilima. Ndipo akasikia mtu anashuka mbio katika ukungu, akiita kwa nguvu:

"Papa Isimbi, ufungue! Kuku bado ziko inje!"