Rulema ya Gurudumu la Kushoto

Asubuhi ile nilikuwa napepea makaa ya jiko langu kama kila asubuhi. Mimi huuza maharagwe na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele ya gareji ya Fiacre, hapa Bigo, na mafundi wakiwa wanakula hawafungi midomo, kwa hiyo habari za gari zote za mtaa huu huzipata kabla ya wenyewe. Jua lilikuwa zuri. Fiacre alikuwa akipiga mluzi chini ya lori. Halafu gari la Pijo la marehemu shemeji yangu ikaingia uani, na aliyekuwa kwenye usukani ni Athanase. Nikatema mate pembeni, tena bila kujificha.

Dada yangu Nadège aliolewa na Sébastien, kaka yake huyo Athanase. Sébastien alikuwa na Pijo 404 ya buluu, ile ndefu ya nyuma, aliyoachiwa na baba yao aliyefanya kazi kwenye migodi ya dhahabu ya Kilo. Alilipenda gari lile hadi tukamtania kwamba ana wake wawili. Baba yao alipokufa, lilimbeba yeye mpaka kaburini. Na Sébastien, kifua kilipomlaza kitandani, alituambia wote, Athanase akiwepo: "Mutanipeleka na gari yangu. Kama papa."

Alijua rulema za nyuma zimekwisha. Rulema ni vile vyuma vya duara vyenye gololi ndani, vinavyolifanya gurudumu lizunguke laini. Akaagiza mpya kutoka Kampala, za kisasa, zilizofungwa pande zote, zisizodai grisi, zenye kubeba uzito kuliko zile za zamani. Zilipofika hakuweza tena kuinuka. Nadège akaziweka chini ya kitanda, pakiti mbili za plastiki, na hapo zikalala pamoja na mgonjwa. Chumba kizima kilinuka mentoli aliyokuwa akimsugua kifuani. Kupumua kwake kulikuwa kazi. Anavuta hewa. Anakaa, mpaka unadhani basi. Anaiachia.

Siku ya mazishi, Athanase alisimama mbele ya mlango wa gari, mikono kiunoni.

"Rulema zimekufa," akasema. "Tukitia sanduku na watu, essieu, hii ekseli, itakatika. Gari itaharibika bure."

Bure! Ndugu yake tumbo moja, na yeye anahurumia gari, maana alishaliona ni lake. Sébastien akapelekwa makaburini kwa pikipiki ya magurudumu matatu ambayo asubuhi hiyohiyo ilikuwa imebeba saruji. Sanduku lilifika limepauka vumbi. Nadège hakulia. Alilifuta kwa kitenge chake, upande mmoja, kisha upande wa pili.

Matanga hata hayajaisha, Athanase akachukua gari. Kisha viti. Kisha akaingia chumbani kwa mjane, akainama chini ya kitanda, akatoka na zile pakiti mbili. Sasa alikuwa na mpango wa kubeba samaki kutoka Tchomia, kule ziwani, na huko mke wake alihitaji mtu wa kukausha samaki kwenye moshi. Mtu huyo ni Glodie, binti ya dada yangu, aliyekuwa bado shuleni. Ukoo umeamua, alisema. Mjane hakuulizwa.

Ndiyo maana asubuhi ile Glodie alikuwa ameketi kiti cha nyuma, amekumbatia mfuko wa nguo zake. Nadège alifika nyuma yao kwa miguu, anahema.

"Shemeki, nakuomba," akasema. "Gari, kamata. Viti, kamata. Mutoto, uniachie."

"Mutoto ni wa ukoo, Mama Glodie. Weye ulikuja naye kwetu?"

Mtu mzima na ndevu zake, anamuuliza mama swali hilo. Nilishika mwiko vizuri nisije nikamtupia.

Fiacre hakutaka maneno. Alipandisha gari kwa jeki, akaweka mawe mbele, akaanza kazi. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Upande wa kushoto, rulema ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania ekseli. Akaikata kwa patasi, ikapasuka, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma vibovu miguuni mwangu. Ilikuwa kavu, imejaa kutu.

Akaazima jiko langu ili kupasha moto ile mpya, maana chuma kikipata moto hupanuka na kuingia kwa urahisi. Akairarua plastiki, akaiweka rulema juu ya bati la jiko. Moshi haukutoka. Ilitoka harufu ya mentoli.

Nadège aliinua kichwa. Nami nikamtazama. Nikajiambia ilikaa chini ya kitanda cha mgonjwa, imeshika harufu, basi. Lakini Fiacre aliifuta mikono yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Rulema ikaingia. Gurudumu likafungwa, bado liko hewani. Fiacre akalisukuma kwa mkono. Likazunguka kimya kabisa, na Athanase akacheka. "Munaona? Sasa inaweza kubeba hata tembo."

Fiacre akaondoa mkono. Sisi tukangoja lisimame.

Halikusimama.

Lilipunguza mwendo. Likakaa. Likaanza tena, lenyewe. Na kutoka katikati yake ikaja sauti. Inavuta. Inakaa. Inaachia.

Redio ya jirani ilikuwa ikiimba, kuku walikuwa wakichakura, jua liko palepale, na gurudumu lile linapumua.

"Papa," Glodie akanong'ona ndani ya gari.

Fiacre akalikamata kwa mikono miwili. Likatulia. Akaitoa mikono haraka, akanijia karibu. "Ma Régine," akaniambia sikioni, "iko na moto. Moto ya mutu, haiko ya chuma."

Athanase alikuwa amekwisha kuwa mweupe midomoni. Lakini mtu mwenye tamaa haoni haya hata mbele ya maiti. "Shusha gari," akasema. Nadège akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Athanase akamsukuma. Dada yangu akaanguka kwenye mafuta machafu, na gari likaondoka na mtoto wake.

Yaliyofuata aliyasema Glodie mwenyewe, na mtoto yule hajui kutia chumvi.

Barabara ya kwenda ziwani inapita kando ya makaburi alikozikwa baba yake. Kabla ya kufika hapo, sauti ilianza tena. Safari hii haikutoka kwenye gurudumu. "Ilikuwa pembeni yangu, Tantine," akaniambia. "Mu kiti ya nyuma." Athanase akaongeza redio. Sauti nayo ikaongezeka. Akaongeza tena. Ikaongezeka.

Mbele ya makaburi gari likasimama. Injini ilikuwa inanguruma. Athanase anakanyaga mafuta, anatukana, anapiga usukani. Gari halisogei. Mlango wa Glodie ukafunguka. Polepole, kama baba yake alivyozoea kumfungulia mbele ya shule.

Mlango ule kitasa chake cha ndani kilivunjika siku nyingi. Hufunguliwa kutoka nje tu.

Glodie akashuka na mfuko wake. Mlango ukafungwa nyuma yake, bila kishindo. Gari likaondoka. Kupitia kioo alimwona baba yake mdogo akigeuka kutazama kiti cha nyuma, akafungua kinywa, na hakukifunga. Mtoto akarudi kwa miguu. Tulimwona akiingia gareji na vumbi mpaka magotini, Nadège akamkumbatia kama mtu aliyetolewa majini.

Athanase alikutwa kwenye mteremko wa kushukia ziwani. Gari halina mkwaruzo hata mmoja. Ameketi, mikono kwenye usukani, macho wazi, hasemi. Anapumua tu. Anavuta. Anakaa. Anaachia. Hospitalini walimwekea oksijeni, wakatafuta ugonjwa, hawakuuona. Akafa hivyohivyo.

Gari lilivutwa hadi kwa Fiacre, kwa sababu ukoo ulitaka kujua ni nini kilichoharibika. Fiacre akafungua gurudumu la kushoto, akaniita bila sauti, kwa kidole. Nikaangalia. Rulema mpya haikuwepo. Kwenye ekseli ilikaa ile ya zamani, ile kavu yenye kutu, ile aliyoikata mbele yangu. Nikainamia ile ndoo ya vyuma vibovu. Haimo. Alama ya patasi ilionekana vizuri juu ya chuma, lakini chuma kilikuwa kimeungana, kama kovu.

"Miye sikuona kitu," Fiacre akanong'ona. "Na weye hukuona."

Tulinyamaza. Ingefaa nini? Ukoo ulikuwa umekwisha kupata jibu lake. Wakaenda kwa Nadège kundi zima, wanawake mbele. "Mulozi! Alikula bwana yake, sasa amekula na shemeki!" Athanase aliiba gari la marehemu, akaiba viti, akaiba mtoto, na hakuna aliyempa jina lolote baya. Dada yangu, aliyeibiwa, ndiye mchawi. Ndivyo walivyo watu hawa, na Jumapili wanaimba kwaya.

Wakapekua nyumba wakitafuta dawa. Wakapindua kitanda. Chini yake kulikuwa na pakiti moja ya plastiki, haijafunguliwa, haijararuliwa popote. Ndani yake rulema mpya. Wote walijua Athanase alizichukua mbili. Shangazi mmoja akaiokota, akainusa, akaitupa chini akipiga mayowe. Hawakuhitaji ushahidi mwingine. Walimtoa siku ileile, na nguo alizovaa, Glodie na wadogo zake wakamfuata, maana sasa hakuna aliyewataka.

Wote wanalala kwangu. Glodie amerudi shuleni. Nadège hatoki sana, mitaani watu huvuka barabara wakimwona. Juzi alikuwa ananichambulia maharagwe, akaacha katikati, akatazama juu ya kabati.

"Aliokoa mutoto wake," akasema. "Sikatai. Lakini miye, aliniacha mulozi."

Hasira zangu zote zilikuwa kwa Athanase, sikujua kwamba yeye anazo kwa marehemu mumewe.

Pakiti ile, ambayo ukoo ulimtupia nyuma yake, iko pale juu ya kabati. Hatujaifungua, na hakuna anayekubali kuichukua. Ninapofagia huiangalia, nasema sitaiangalia, na ninaiangalia. Plastiki yake hupata ukungu kwa ndani. Inakaa. Inatakata. Halafu inapata ukungu tena.