Fundi wa Ndege Kwenye Foleni ya Chai

Foleni ilikuwa imefika barabarani Nyabate alipoliona shati lile. Ilikuwa Jumatatu yake ya kwanza kama karani wa mizani ya chai ya Sigowet, baada ya kuhamishwa kutoka Sosiot, na hakutarajia kumkuta mtu anayemjua. Shati la buluu la jeshi la wanahewa, limepauka kote isipokuwa kifuani, pale beji ilipobanduliwa. Aliyelivaa alikuwa amebeba kikapu cha majani chai.

"Bethwel?"

"Nyabate! Wewe... unafanya nini huku?"

"Mimi ndio nikuulize! Wiki sita nasimama kwa simu ya posta kila Jumamosi kama mjinga, nangoja unipigie. Nikasema umepata wa Nairobi."

"Wa Nairobi gani, dear? Walituretrench." Akatua kikapu chini. "Barua ya mistari miwili. Miaka kumi na moja natengeneza injini, hakuna ndege yangu imewahi kuanguka. Eti serikali inapunguza matumizi. Wakubwa wanabaki, sisi wa mikono ya grisi ndio gharama!"

Nyabate alipandwa na hasira hadi masikio yakamwaka. Serikali gani hii inayofukuza mafundi na kubakiza wapigiwa saluti? Kisha hasira ikamgeukia huyu aliyesimama mbele yake.

"Na mimi nilikufukuza lini?"

"Wazee wenu walikataa Mkipsigis mpaka waliposikia niko jeshi. Sasa niende kwenu na nini?"

"Kwa hivyo mimi nilipenda shati?"

Foleni nzima ikacheka. Bethwel akainamisha kichwa. Nyabate akatia mkono kikapuni, akatoa jani gumu, pana kama kiganja.

"Hii ni nini? Kiwanda inataka majani mawili na kichipukizi. Wewe umeng'oa kichaka yote. Sipimi hii!"

"Hata wewe unanikataa?"

"Nimekataa majani. Kaa hapo ungoje."

Aliwapimia wengine wote, kisha akaenda kukaa naye kwenye meza ya kuchambulia. Wakachambua pamoja, vidole vikigusana, hadi majani magumu yakaisha.

"Jumamosi nakuja kwenu kukuposa," Bethwel akasema polepole. "Nitaazima koti."

"Usiazime kitu. Vaa hii hii shati." Nyabate akagusa ile alama ya kifuani. "Wakiuliza beji iko wapi, wewe nyamaza. Mimi ndio nitawajibu."