Moyo Yako Haiyatulia

— Scholastique ni nani hapa? Atoke! Ajionyeshe!

Amandine alisukuma geti la bati la zahanati kwa bega, kitenge amekikaza kiunoni. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaani Kanyosha, pembeni ya mji, mwaka 2004 wa vita, saa ya kutotoka nje imekwisha punde tu. Ndani ya ua watu kumi na watano hivi walikuwa wakizunguka kwa miguu, wengi wao akina mama wanene waliovaa raba za mtumba. Wote wakasimama.

Katikati yao, ndani ya bukta ya bluu iliyomfika magotini, alikuwa Rénovat, mchumba wake. Ndoa yao ilikuwa Jumamosi.

— Amandine? We unatafuta nini huku?

— Ninatafuta ile muke anakuandikia sms!

Jana yake alikuwa amemwomba Rénovat simu ampigie fundi wa gauni la harusi, na kabla hajabonyeza namba ukaingia ujumbe: «Moyo yako haiyatulia. Kesho saa kumi na mbili, usichelewe. Scholastique.»

Moyo haujatulia! Amandine akaupeleka ujumbe huo moto moto sokoni Jabe, kwa Epiphanie, jirani yake wa meza ya vitenge. Epiphanie naye hana breki.

— Moyo haiyatulia? Sheri, huyo muke anajua kazi yake! Sasa unaelewa sababu gani bwana yako anakonda.

Hapo ndipo palipomuuma Amandine. Vita vimekondesha wengi mjini, lakini tumbo la Rénovat lilikuwa fahari yake. Wenzake sokoni walikuwa wakimsifu kwamba anajua kumtunza mtu. Kila mchana alimpelekea ofisini wali unaoelea mafuta, ndizi za kukaanga na Fanta mbili. Tangu miezi sita, sufuria zilikuwa zinarudi nusu, na tumbo linaisha.

Mwanamke wa miaka hamsini na kitu akatoka barazani, koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo shingoni.

— Ni miye Scholastique.

— We muzee namuna hii? Hauna haya? Unaiba bwana ya muke wa umri ya mutoto yako!

Mama mmoja akashika mdomo. Scholastique hakupandisha sauti. Alimgeukia Rénovat.

— Nimuambie, ao utamuambia mwenyewe?

Rénovat alikuwa anatazama raba zake.

— Umuambie, Muganga. Mi siwezi.

— Binti, moyo ya huyu inapiga vibaya. Inakimbia, inaruka, inapoteza mupango. Na sukari ilianza kupanda, sababu ya ule uzito. Daktari alisema dawa peke yake haitoshi. Atembee kila siku, apunguze mafuta, sukari na pombe. Hawa wote unaona ni wagonjwa ya moyo na ya sukari. Tunatembea hapa ndani sababu kule njiani ukikaza mwendo, watu wanazani vita imekuya, wote wanakimbia. Jana nilimupima, nikakuta haiyatulia. Nikamuandikia.

Amandine alihisi moto ukimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akageuka akatoka, mbio.

Rénovat alimfuata kwa mwendo wake wa polepole. Alimkuta amesimama nje ya ukuta, uso ndani ya kitenge.

— Sababu gani hukuniambia, Renova?

— Unakumbuka mwaka jana, siku ya mabomu?

Angesahau vipi? Mtaa mzima ulikimbilia mjini, Rénovat akaanguka barabarani, na yeye akamkokota kwa shati.

— Nilikuambia ni jiwe. Haikukuwa jiwe. Moyo ilikatala. Watu wakapita wakaona muke ananivuta chini. Nikajiambia, mara ingine nitakimbia na miguu yangu, nikushike mukono. Niliona haya, Amandine. Miezi yote hii nilikuwa naona haya juu yangu mwenyewe. Leo ninaona haya juu yako.

— Na Jumamosi?

— Sijui. Acha nirudi nimalize.

Siku hiyo Amandine alikata kitenge cha mteja kifupi, akakata na cha pili. Epiphanie alikuja mbio kudai habari.

— Ulimupata? Ulimupiga?

— Niache, Epiphanie. Nimejiaibisha.

Aliwaza zile sufuria. Kumbe mtu alikuwa anakula chakula kinachomuumiza, anakula nusu ili asimvunje moyo, na yeye ananuna! Mchana akampigia Rénovat, hakupokea. Akaandika: «Renova, pardon.» Jibu likaja jioni: «Si miye wa kuombwa wa kwanza.»

Kesho yake alifika getini kabla halijafunguliwa. Walipokusanyika wote, akapiga magoti mbele yao, kwenye vumbi.

— Mama Scholastique, jana nilikuita mwizi na hawa wote walisikia. Basi wasikie na leo. Nilisoma moyo, nikazani ni mapenzi tu. Unisamehe. Na nyinyi wote, munisamehe.

Mama mmoja mwenye raba nyekundu akaangua kicheko.

— Mutoto wangu, mi niko na sukari, niko na goti. Ningekuwa na mupenzi, ningekuya kuzunguka hapa?

Ua mzima ukacheka. Aibu haikumtoka Amandine, lakini aliweza kuinua uso.

— Simama, unachafua kitenge, alisema Scholastique. Nimekusamehe. Sasa ufanye kazi. Mugonjwa ya moyo anatembea mwendo wa kumuacha aongee. Akishindwa kuongea, amezidisha. Huyu wako hapendi kuongea. Tembea naye, umuongeleshe.

Amandine akaingia ubavuni mwa Rénovat. Mzunguko wa kwanza ukaisha kimya.

— Renova! Sisikii sauti yako! alifoka Scholastique kutoka barazani.

Rénovat akavuta pumzi.

— Niko mugonjwa ya moyo, alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kwa kinywa chake.

— Ninasikia.

— Nitakunywa dawa, pengine maisha yote.

— Ninasikia.

— Watu watasema umeolewa na mutu nusu.

— Ninasikia. Jumamosi iko?

Rénovat akapunguza mwendo, akamgeukia.

— Iko. Lakini vita ikirudi, nikianguka tena, uniache chini, ukimbie.

— Hapo sisikii kitu, Renova.

Rénovat akamshika mkono, mbele ya akina mama wote. Walifunga ndoa Jumamosi saa nne, na Jumatatu asubuhi wote wawili walikuwa ndani ya ua wa zahanati, wakizunguka.