Margwe Arudi kwa Majirani

Mvua za kwanza zilinyesha kijijini Bashay, na watu wakaanza kulima. Huko majirani hulimiana kwa zamu. Leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na kila nyumba hutoa mtu mmoja. Nyumbani kwa Margwe, aliyekuwa akitoka ni mke wake, Letisia.

Margwe mwenyewe alishinda ndani. Alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke gerezani. Miaka minne kabla ya hapo, aliiba ng'ombe wa kulimia wa mzee Akonaay. Kosa alilitenda kweli, na kifungo amekimaliza.

Letisia alimpenda mumewe, na kwa kumpenda huko akamharibia. Hakutaka watu wamnyooshee kidole. Alimzuia kwenda kanisani na kisimani. Wageni wakija alisema, "Baba Evaline amelala." Mchana kweupe! Nani angeamini?

Siku moja alirudi kutoka shambani, akamkuta Margwe anapanga nguo kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Babati, au popote. Gerezani nilikuwa na kazi, na watu wa kuongea nao. Hapa hata kuni unanikataza kupasua."

 Letisia alimwomba asubiri kidogo, akaenda haraka kwa Judica, afisa ustawi wa jamii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Evaline. Keti, unahema."

Judica alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemficha asipate aibu," alisema. "Yeye anaona wewe ndiye unayemwonea aibu. Na majirani wanadhani anawakwepa. Mtu akitoka gerezani anahitaji kazi, anahitaji watu, na anahitaji wa kumsikiliza. Akivikosa, ni rahisi kurudia makosa."

"Na mzee Akonaay je?"

"Muulize mumeo kama yuko tayari kumwomba msamaha. Mimi nitamuuliza mzee kama atakubali kumwona. Akikataa, tutamwacha. Yeye ndiye aliyeumizwa."

Margwe alipoulizwa aliuweka mfuko chini. Kisha akasema, "Nitakwenda." Mzee naye alifikiri siku mbili, akakubali. Wakaenda watatu: Margwe, Letisia na Judica.

"Shikamoo, baba," alisema Margwe. "Nilikuibia. Mwaka ule mlilima kwa jembe la mkono kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

"Mwaka ule watoto walilala njaa," alijibu Akonaay. "Sijasahau, na sitakudanganya kwamba nimesahau."

Letisia aliinamisha kichwa. Alidhani mambo yameharibika.

"Lakini kesho zamu ya kulima ni kwangu," mzee aliendelea. "Njoo."

Kesho yake Margwe alikwenda. Wengine walimsalimu, wengine walimpa kisogo. Alishika plau lililokokotwa na ng'ombe wa mzee, akalima bila kuinua macho. Saa saba Letisia aliwapelekea makande, na watu wakala pamoja. Jirani mmoja alimsogezea Margwe bakuli.

Jioni ilipokaribia, wenzao walianza kuondoka. Kilibaki kipande kidogo. Mzee Akonaay alimpa Margwe fimbo ya kuswagia.

"Nimechoka, natangulia nyumbani," alisema. "Ukimaliza, wanyweshe maji ng'ombe wangu, halafu uwafikishe zizini."

"Mimi, baba? Peke yangu?"

"Kwani unamwona nani mwingine hapa?"

Mzee aliondoka taratibu, wala hakugeuka nyuma. Pembeni mwa shamba, alikokuwa akikusanya vyombo, Letisia alilia waziwazi, hakujali nani anamwona. Kabla jua halijazama, ng'ombe wote wanne walikuwa zizini kwa Akonaay, na Margwe akafunga mlango.