Jumamosi ya Bibi

Kila asubuhi Shangazi Falanika alivaa mabuti yake meupe ya mpira, akanywa uji wa mchele na kakao akiwa amesimama, kisha akasema maneno yale yale: "Usifungue mlango. Usisogee dirishani. Gari la Uhamiaji likipita, lala chini." Halafu alipanda basi kwenda kiwandani kusafisha samaki wa jodari. Sieni, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki nyuma ya pazia akisikiliza watoto wa jirani wakienda shule.

Alikuwa amekuja kisiwa cha Tutuila likizoni tu. Kwao ni Upolu, nusu saa kwa ndege ndogo. Visiwa vyote viwili ni vya Wasamoa: lugha ni moja, ukoo mmoja, hata nyimbo za kanisani ni zile zile. Lakini Upolu ni sehemu ya nchi huru, na Tutuila iko chini ya Marekani. Msamoa wa huko akija huku anahitaji kibali na mdhamini. Kibali cha Sieni kilikuwa kimekwisha. Mdhamini wake alikuwa Shangazi, naye pia ni wa Upolu, anaishi huku kwa kibali cha kiwanda. Akikutwa anaficha mtu, angefukuzwa.

"Mkimbizi, hujambo?" Pelenato, mtoto wa Shangazi, alimtania akirudi mazoezini. "Wanakutafuta na mbwa."

"Nenda zako, kichwa kama shelisheli!"

Lakini Sieni hakucheka.

Ilianza hivi. Bibi alipiga simu kutoka Upolu: "Tunamsubiri mjukuu wangu Jumamosi." Shangazi akapanga kumpeleka uwanja wa ndege Jumamosi. Sasa, mstari wa tarehe unapita baharini katikati ya visiwa hivi, kwa hiyo Upolu siku hutangulia: Tutuila ikiwa Ijumaa, kule tayari ni Jumamosi. Kila mtu anajua, na kila mtu husahau. Sieni alikumbuka Alhamisi, akimenya ndizi. Lakini Ijumaa jioni Pelenato angecheza mpira wa Kimarekani, chini ya taa kubwa. Sieni akanyamaza, akaendelea kumenya.

Kesho yake, baada ya mechi, dada wa kaunta ya uwanja wa ndege aliwaambia, "Mama, ndege yenu iliondoka jana." Shangazi alikitazama kibali kilichokwisha jana hiyo hiyo, akamshika Sieni mkono, wakatoka kama wezi.

Tangu hapo, kila jioni mtungi mtupu wa gesi ulipogongwa kuita kijiji kizima kwenye sala, Shangazi aliomba kwa sauti: "Mungu nisamehe. Nimemfungia mtoto ndani kwa ujinga wangu."

Jioni moja Sieni alishindwa kuitikia "Amina".

"Shangazi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba Jumamosi ya Bibi ni Ijumaa yetu. Nilitaka kuona mechi."

Pelenato alitoa macho. "Na mechi yenyewe tulipigwa!"

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kesho siendi kiwandani," alisema. "Tunakwenda Uhamiaji."

"Watatufukuza!"

"Watufukuze tukiwa tumesimama. Nimechoka kulala chini."

Ofisa alikuwa mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Waliokosea siku nawaona kila wiki," alisema. "Anayekiri kwamba alijua, wewe wa kwanza. Unaelewa ungemponza shangazi yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Utaondoka kwa ndege ya kesho. Nawe mama, ungekuja mapema nisingekukaripia. Nakuonya mara moja tu. Rudi kazini."

Shangazi alikaa kwanza, ndipo akaweza kusema asante.

Kwenye uwanja wa ndege, Shangazi alimvisha shada la maua, akamshika mabega.

"Mpaka huu waliuweka wakubwa, mimi na wewe hatuwezi kuung'oa. Lakini mlango wa nyumba yetu haukufungwa na Uhamiaji. Uliufunga wewe kwa kunyamaza, nami nikaongeza komeo kwa kujificha. Neno moja la kweli siku ile ungekuwa kwenu. Ukijua jambo, mwanangu, liseme lingali dogo."

Ndege iliruka Jumatano. Nusu saa baadaye Bibi alimpokea, na kwa Bibi ilikuwa Alhamisi.

"Njoo ule," Bibi alisema.

"Bibi," Sieni alijibu, bado ameshika begi, "kwanza kuna jambo nataka kukwambia."