Duara Lisilorudi Nyuma

Mama alinituma kitu kimoja tu. "Mnunulie mdogo wako saa ya msafiri, ile yenye mshale wa ziada. Akiwa huko ajue hapa ni saa ngapi, asije akanipigia simu nimelala."

Jua lilikuwa linazama nilipofunga kibanda changu cha kunyolea nikaenda. Nilikwenda nimenuna, sifichi. Miaka tisa namuogesha mama, nampa dawa, nambeba chooni. Mdogo wangu je? Kapata kazi ng'ambo, kesho anapanda ndege, na zawadi juu! Sikufurahi hata chembe.

Fundi saa alikuwa peke yake dukani. Aliweka saa mbili juu ya kitambaa.

"Hii ya msafiri humrudisha nyumbani yule aliyeagiziwa," alinong'ona. "Na hii ni ya mzamiaji. Duara hili la nje unalizungusha, linahesabu dakika za hewa iliyobaki. Linakwenda upande mmoja tu, wa kupunguza. Halirudi nyuma, ili aliye chini ya maji asijidanganye."

"Mdogo wangu hata kuogelea hajui," nikacheka.

Hakucheka. Aliinama karibu yangu. Pumzi yake ilinuka maji ya chumvi yaliyokaa siku nyingi ndani ya ndoo.

"Unataka arudi?"

Nilinyamaza.

Mungu wangu, nilinyamaza!

Akanisogezea ile ya mzamiaji kwa kidole kimoja. Nikaichukua. Nilijiambia inapendeza zaidi, basi.

Nyumbani mama alikuwa amejilaza chumbani kwake. Mdogo wangu alikuwa sebuleni anakunja mashati, begi liko wazi miguuni. Alipoivaa alinikumbatia mpaka mbavu zikauma.

"Kaka, umeniweza! Na hili duara la nini?"

"Lete nikuonyeshe."

Tiki... tiki... tiki. Nikaliacha kwenye dakika ishirini.

Alikunja shati moja. La pili. Akakohoa. Nikamtania kwamba ameanza kuzoea baridi ya ng'ambo. Akakohoa tena, akashika shingo.

Harufu ya chumvi ikajaa sebule.

Maji yakamtoka puani.

"Kaka... ivue..."

Mkanda haukufunguka. Nilivuta mpaka kucha ikang'oka. Nikalikamata lile duara nilirudishe, likagoma. Nikachukua koleo, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Likateleza, lakini kwa upande wake.

Tiki. Dakika kumi.

Nikajaribu tena, mjinga mimi!

Tiki. Dakika moja.

Alinitazama. Alijua ni mkono wangu.

Daktari aliuliza tulikuwa ufuo gani, kwa sababu mapafu yalijaa maji ya bahari. Nikamwambia amefia kwenye kochi. Shati lilikuwa kavu, na mashati mengine yamekunjwa vizuri pembeni yake.

Mama aliuliza swali moja tu, kuhusu ile saa. "Si nilikuagiza ya msafiri?"

"Aliichagua mwenyewe, mama. Nilimpeleka dukani."

Baada ya mazishi nilirudi kwa fundi nikiwa na nyundo mfukoni. Sikuwahi kuitoa. Alikuwa keshanishika mkono, keshanifunga ile saa nyingine.

"Mama yako aliagiza hii," alisema. Mimi sikuwa nimemtajia mama.

Haivuliki. Nimejaribu hata kisu.

Ule mshale wa ziada ni mwekundu, nao unaonyesha saa ya mahali pengine. Wapi, sikuuliza. Siku ya kwanza huko walikuwa nyuma yetu kwa saa tisa. Kesho yake saa nane. Kila siku pengo linapungua, na kila jioni ninapompa mama dawa harufu ya chumvi inazidi. Mama anainusa. Anauliza tu, "Huko kwake ni saa ngapi?"

Leo hakuuliza.

Mishale imefika pamoja sasa hivi. Kuna mtu ukumbini. Anatembea polepole, na viatu vyake vinatoa maji kila hatua... Amesimama nje ya mlango wa chumba cha mama. Anakohoa.

Mama amejiinua kitandani mwenyewe, jambo ambalo hajaliweza kwa miaka tisa. Ananitazama usoni.

"Mfungulie mdogo wako," amesema. "Nataka anieleze mwenyewe kwa nini alichagua ile."