Panya wa Ghorofa ya Nne

Kaeni vizuri, watoto. Panguseni mikono, panguseni midomo. Hadithi hii ina makombo ya mkate.

Huyu ni Hidaya. Ana miaka sita na pengo moja mbele. Anaishi Ufaransa, katika mji wa Lioni, ghorofa ya nne, pamoja na Mama na Baba.

Chini ya nyumba yao kuna duka la mikate. Kila jioni mkate unatoka tanurini, mrefu kama mkono wa Baba. Harufu yake inapanda ngazi bila kupiga hodi.

Na mtaa ule, watoto, anayetumwa mkate hafiki nao mzima. Ncha inaliwa njiani. Kwachu! Wazee wanaila, watoto wanaila, hata mwalimu wa Hidaya anaila.

Sasa Bibi akaja kutoka Tanga, kumwona mjukuu wake. Jumatatu Baba akaleta mkate. Bibi akautazama.

"Ncha yake iko wapi?"

Baba akajipangusa mdomo. Alimwonea haya mkwewe.

"Mh! Ni panya huyo," akasema Bibi. "Duka lenu lina panya. Mimi siuli!" Akaenda zake jikoni kukanda chapati.

Jumanne, mkate hauna ncha. Jumatano, mkate hauna ncha. "Panya!" akasema Bibi. "Panya wa huku hawana adabu hata kidogo!"

Hidaya alijua yote. Panya mkubwa alikuwa Baba. Na panya mdogo? Haya, mtazameni mashavu.

Lakini leo Hidaya ana huzuni. Kesho jioni Bibi anarudi Tanga. Arudi bila kuonja mkate wa moto? Hata kipande? Hapana, hapana, hapana!

"Mama, leo nitume mimi," akasema. "Nitaleta mkate mzima, na ncha zake mbili."

Baba akacheka. "Wewe? Utaweza?"

"Nitaweza!"

Mama akasimama dirishani kumwangalia. Hidaya akashuka ngazi. Pu, pu, pu, pu!

"Bonjuu, Madam Odile!" akasema. Pale dukani, usiposalimu kwanza, hupewi kitu.

"Bonjuu, Hidaya! Shika huu, umetoka sasa hivi."

Kwaru, kwaru, kwaru! Mkate ulikuwa wa moto, unalia ndani ya karatasi yake. Ncha imechungulia nje. Ya kahawia. Inang'aa. Iko karibu kabisa na pua ya Hidaya. Lo!

Tumbo likasema: Nguruuu!

Hidaya akauimbia mkate:

"Mkate, mkate, tulia kwapani,
sikung'ati ng'o, mpaka nyumbani!"

Ghorofa ya kwanza. Pu, pu, pu! Mlangoni kwa jirani kunanukia supu ya vitunguu, na jibini limeyeyuka juu yake. Mate yakamjaa mdomoni. Nguruuu!

"Mkate, mkate, tulia kwapani,
sikung'ati ng'o, mpaka nyumbani!"

Ghorofa ya pili. Pu, pu, pu! Hapa kunanukia kuku wa kuoka, na viazi, na siagi. Jamani, siagi! Nguruuu! Nguruuu!

"Mkate, mkate, tulia kwapani,
sikung'ati ng'o, mpaka nyumbani!"

Ghorofa ya tatu. Nani huyu? Ni Bwana Rene, jirani yao, amesimama mlangoni na mkate wake. Mkate wa Bwana Rene hauna ncha. Anatafuna. Kwachu, kwachu.

"Hidaya! Mbona huli? Huo utapoa."

"Bibi ananisubiri."

"Kidogo tu. Nani atakuona?"

Ncha ikamtazama Hidaya. Hidaya akaitazama ncha. Mdomo ukafunguka. Pengo likasogea. Karibu... karibu... Wee, Hidaya!

"Nitajiona mimi!" akasema Hidaya. Akafumba mdomo, akakimbia. Pu-pu-pu-pu-pu!

"MKATE, MKATE, TULIA KWAPANI,
SIKUNG'ATI NG'O, MPAKA NYUMBANI!"

Ghorofa ya nne! "Bibi! Nimefika! Nimefika nao mzima!"

Bibi akavaa miwani. Akatazama ncha ya huku. Akatazama ncha ya huko. Akaugeuza, akaugeuza tena.

"Haujaguswa!"

"Haujaguswa, Bibi!"

Mama akapiga vigelegele. Baba akapiga makofi, lakini macho yake yalitazama chini.

"Basi leo nitakula," akasema Bibi, na Hidaya akaruka kwa furaha.

Mama akaenda kuchukua siagi. Baba akaenda kuchukua jibini. Hidaya akaenda kunawa mikono. Bibi akabaki na mkate, wao wawili tu. Mkate ukanukia, ukanukia, ukanukia.

KWACHU!

Wote wakageuka.

Mkate hauna ncha! Mashavu ya Bibi yamejaa, na makombo yako kwenye kanga yake.

"Panya," akasema Bibi, mdomo umejaa.

Baba akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, nisamehe. Yule panya wa siku zote nilikuwa mimi."

"Na mimi!" akasema Hidaya.

"Loo! Mkwe wangu mzima!" Bibi akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Sikulaumu, mwanangu. Mkate huu unaita."

Kisha akaushika mkate, akakata ncha ya pili. "Hii ni yako, Hidaya. Umepanda ngazi zote nao na hukuing'ata. Shujaa wangu!"

Hakuna aliyegusa chakula. Walimngoja Hidaya.

KWACHU!

Nje ngumu, ndani laini, na bado ya moto. Hidaya hakuwahi kula ncha tamu kama ile.

Wakala. Wakala mkate na jibini. Wakala mkate na kuku wa nazi wa Bibi. Mchuzi uliobaki wakaufuta kwa mkate, mpaka sahani zikawa nyeupe.

Sasa ni usiku. Hidaya amelala na Bibi kitanda kimoja. Taa imezimwa.

"Hidaya."

"Labeka, Bibi."

"Duka la mkate linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Niamshe. Tutashuka wote."

Hidaya akatabasamu gizani. "Tuulete mzima, Bibi?"

Bibi akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mzima wa nini? Kwani sisi si panya?"

Haya, watoto, laleni na nyinyi. Makombo tutayafagia kesho.